Besdei ya 35: Mbuzi, Bia na Ile Siku Katiba Inakutoa Ujana

Katiba ya Kenya ya 2010 ina zawadi ya besdei ambayo hakuna mtu huitangaza. Ibara ya 260 inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Kwa hiyo asubuhi unapogonga 35, kabla hujanawa uso, kabla mbogi yako haijakuvizia mlangoni na ndoo ya maji baridi, umeshatolewa ujana na sheria kuu ya nchi. Mkopo wa Hazina ya Vijana haukuhusu tena. Tenda za serikali zinazotengewa vijana, kwaheri. Na usifikiri umeshakuwa mzee. Ibara hiyo hiyo imeweka mzee pale 60. Kati ya 35 na 60 Katiba haikupi jina la kundi lako peke yake. Uko tu.

Basi watu wenyewe wameamua kujaza hilo pengo. Ukipita Jumamosi jioni kwenye zile sehemu za Westlands, Kilimani au Ngong Road zenye matangi ya chuma yanayong'aa nyuma ya kioo, lazima ukute meza ndefu moja yenye baluni za 3 na 5. Kuna mbuzi amekatwa juu ya ubao, kachumbari, mutura kwa wanaojua raha, na glasi za bia ambazo hazifanani rangi: moja ya dhahabu, moja nyekundu, moja nyeusi kama kahawa. Mwenye siku amevaa shati jipya. Mtu fulani anapiga video. Wasee wanaona hii ni mambo ya kisasa, maisha ya Instagram.

Mimi nabisha. Mbuzi, bia iliyopikwa kidogo kidogo, na watu wa rika lako wamekaa pamoja kwa sababu mmoja wao amevuka daraja la umri: hapa kwetu ni vigumu kupata sherehe iliyozeeka kuliko hiyo. Kilicho kipya ni keki na bili. Na katikati ya ile ya zamani na hii ya sasa kuna karibu miaka mia moja ya sheria, faini na karao, ambayo huwa hatuiongelei tukiwa tumeshika glasi.

Tuanze na umri wenyewe. Babu yako au babu wa babu yako hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa na rika. Kwa Wakikuyu, vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina moja, mara nyingi kutokana na jambo lililotokea msimu ule: njaa, ugonjwa, kitu kigeni kilichoonekana nchini. Ukitaka kujua mtu ana miaka mingapi ulimuuliza ni wa rika gani. Maasai, Wakalenjin, Wameru, kila mmoja na mpangilio wake, ila wazo ni lile lile: umri ni kitu mnachobeba kikundi. Rais wa kwanza wa nchi hii alijulikana kuwa wa rika la Kihiu Mwiri, lakini siku aliyozaliwa hakuna aliyeijua, hata yeye mwenyewe. Watu wanakadiria tu, miaka ya 1890. Kiongozi wa taifa zima, na hangeweza kukuambia umletee keki lini.

Serikali ya kikoloni ilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1904, na sharti hilo lilianza na Wazungu, kisha Wahindi. Mtoto wa Mwafrika hakuwa kwenye hesabu. Ilifika 1971 ndipo uandikishaji ukawa wa lazima kote nchini. Ndiyo maana ukiangalia vitambulisho vya wazee wa ushago unakuta mwaka peke yake, au 1 Januari kwa watu ambao wazi kabisa hawakuzaliwa mwaka mpya. Karani aliuliza, mzee akasema "wakati wa nzige", karani akaandika kitu. Kwa hiyo besdei ya mtu binafsi, siku yako wewe peke yako, kwa familia nyingi ni jambo la vizazi viwili au vitatu. Ilikuja na shule, misheni, hospitali za kujifungulia, cheti. Hata ule wimbo tunaoimba kwa sauti tofauti tofauti kama kwaya iliyogombana, melodia yake ilichapishwa Marekani mwaka 1893, na ilitungiwa watoto wa chekechea wa kusalimiana asubuhi.

(Pwani watacheka wakisoma hapa, na wana haki. Kusherehekea kuzaliwa ni jambo la kale kwao: Maulidi, kuzaliwa kwa Mtume, na ile ya Lamu inavuta watu kutoka mbali kwa zaidi ya miaka mia sasa, kwa kasida, matari na mapishi. Bila tone la pombe. Hiyo ni historia nyingine na inastahili makala yake.)

Sasa bia. Hapa ndipo mambo ni matamu.

Zamani pombe haikuwa kinywaji cha vijana. Ukisoma au kusikiliza wazee wa sehemu nyingi za nchi, sheria ilikuwa karibu moja: wanaume waliooa, wenye watoto, wenye heshima, ndio walikaa kunywa. Kijana aliyetoka jandoni alikuwa na nguvu, mkuki na maringo yote ya duniani, lakini kwenye chungu cha wazee hakuwa na kiti. Kwa Wakikuyu, kuingia baraza la wazee, kiama, kulikuwa na malipo, na malipo yenyewe yalikuwa mbuzi. Mtu akioa na kuwa na nyumba yake alitoa mbuzi na kuingia daraja la chini kabisa. Hapo hakuanza kutoa hukumu. Alitumwa. Aliwasha moto, alichuna ngozi, alichoma nyama, alibeba ujumbe, huku akisikiliza wakubwa wakikata kesi. Mtoto wake alipokaribia kutahiriwa, mbuzi mwingine, daraja lingine. Ujana uliisha kwa mbuzi. Sitaki kulazimisha mambo, lakini angalia tena ile meza ya Jumamosi.

Na pombe ilipikwaje? Njohi ya Wakikuyu ilitoka kwa juisi ya miwa au asali, na kilichoifanya ichachuke ni muratina, lile tunda refu kama soseji linaloning'inia mtini. Lilipasuliwa, likachemshwa, likakaushwa, kisha likatiwa kwenye mtungi, na hamira iliyojificha kwenye nyuzi zake ndiyo ilifanya kazi. Tunda zuri lilitunzwa na kutumiwa tena na tena, mtungi hadi mtungi. Magharibi, busaa ni kazi ya siku kadhaa: unga wa mahindi unakandwa na kuachwa uchachuke, unakaangwa juu ya bati mpaka unukie, kisha unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililoloweshwa likaota na kukaushwa. Kimea! Ndicho kitu hicho hicho wapishi wa bia za krafti wanachokuelezea kwa dakika kumi kabla hawajakuuzia glasi. Wazee wa Kiluhya na Wateso walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mahali ulipokaa palionyesha wewe ni nani. Jirani zetu Wachagga upande ule mwingine wa Kilimanjaro wanatia gome la msesewe kwenye mbege ili ipate uchungu. Wazungu kwa uchungu huo wanatumia maua ya hopsi, ambayo huku kwetu hayastawi vizuri kwa sababu yanataka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, jua la masaa kumi na tano, kumi na sita. Ikweta inatoa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna mjadala. Ndiyo maana ile bia yako chungu ya Nairobi imebeba maua yaliyopanda meli.

Kwa hiyo pombe ndogo ndogo, yenye ladha ya mahali, inayobadilika mtungi kwa mtungi kulingana na aliyeipika: hiyo ilikuwa kawaida. Hakuna aliyeiita krafti. Ilikuwa pombe tu.

Halafu ikaja Desemba 1922. Ndugu wawili Waingereza waliokuwa wamehamia Kenya walisajili kampuni ya bia na kupika Ruaraka. Mzigo wao wa kwanza ulikuwa kreti kumi, ukapelekwa hoteli moja kubwa katikati ya Nairobi. Ukifikiria vizuri, kreti kumi ni krafti kabisa. Mwaka uliofuata mmoja wa hao ndugu aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikaitwa kwa jina la tembo dume mwenye meno makubwa. Hiyo stori karibu kila Mkenya anaijua, inasimuliwa baa zote. Kisichosimuliwa ni nani hakuruhusiwa kuinywa.

Mwafrika. Kwa miaka 25 bia ilipikwa Ruaraka, Waafrika wakafagia kiwanda, wakabeba kreti, wakafungua chupa kwenye meza za hoteli, na kununua kwa ajili ya kunywa wao wenyewe ikawa ni kosa. Marufuku ya bia ya chupa kwa Waafrika iliondolewa 1947. Pombe kali zikasubiri zaidi. Sababu zilizotolewa zilikuwa ni zile za kumlinda "mwenyeji" asijiharibu. Ajabu ni kwamba ilichukua nafasi ya sheria ya wazee: wao walikuwa wanauliza una umri gani, umeoa, umetoa mbuzi? Mkoloni akauliza rangi tu. Mwanamume wa miaka 60 mwenye wajukuu akawekwa kundi moja na mtoto.

Na ile pombe ya kupika nyumbani? Mjini hiyo nayo ilipigwa marufuku bila kibali. Halmashauri ya Nairobi iliiga mbinu iliyokuwa imeanzishwa Durban, Afrika Kusini: baraza la mji linajipa haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, kisha faida inalipia huduma za makazi yao. Ukumbi ukafunguliwa Pumwani miaka ya 1920. Yaani ulikunywa ndipo upate huduma ambazo mlipa kodi mwingine alipata bila kunywa. Mimi hapa ndipo huwa naweka glasi chini kidogo.

Waliopata hasara kubwa kuliko wote walikuwa akina mama. Nairobi ya kikoloni haikuwa na kazi za maana kwa mwanamke Mwafrika. Mji ulijengwa kwa ajili ya wanaume wenye kipande, waje wafanye kazi, warudi kwao. Wanawake waliobaki mjini waliishi kwa kupangisha vyumba, kuuza chakula, na kupika pombe. Pangani, Pumwani, wapo waliojenga nyumba zao wenyewe kwa pesa kama hizo, kitu ambacho wanaume wengi wa rika lao hawakukiweza. Baada ya uhuru kazi hiyo ikahamia Mathare. Watafiti waliokaa bonde lile miaka ya 1970 walikuta mamia ya wanawake, wengi wakiwa ndio vichwa vya familia, wakilipa karo za watoto kwa busaa. Walikopeshana nafaka, walitahadharishana karao wakija, walichangishana faini mmoja akishikwa. Ukikamatwa unalala ndani, mapipa yanamwagwa, kesho unaanza upya na unga wa kukopa.

Hebu jiulize tofauti ya kazi ya mama yule na ya kijana mwenye aproni ya ngozi anayekuelezea kimea chake leo. Anapika kidogo kidogo. Anachagua nafaka mwenyewe. Ladha inabadilika msimu hadi msimu. Wateja wanamjua kwa jina. Kila kitu tunachosifia kwenye bia ya krafti, yule mama alikuwa nacho, isipokuwa leseni.

Bia ya chupa nayo ilipofunguliwa 1947 iligeuka cheo. Askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walikuwa wameshaionja, na matangazo ya miaka ya 1950 yaliiuza kama kinywaji cha mtu aliyeendelea, aliyevaa tai. Busaa ikawa ya mshamba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ikafunga vilabu vya busaa, na 1980 sheria ikapiga marufuku chang'aa. Pombe zilijificha vichochoroni, na kilichojificha kikaanza kuua. Novemba 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi, kilitiwa methanoli na kuua zaidi ya watu 100 mitaa ya Mukuru na jirani zake. Sitaki mtu asome makala hii akadhani kila kilichopikwa mtaani ni salama eti kwa sababu ni cha kwetu. Methanoli haina utamaduni. Lakini busaa ya mama anayejulikana na wateja wake, na sumu inayochanganywa na tapeli asiyejulikana, ni vitu viwili, na sheria iliviweka gunia moja kwa miaka 30.

2004 kampuni kubwa ikaleta bia ya pipa ya bei ya chini, serikali ikaisamehe ushuru, ili watu waache sumu. 2010, mwaka ule ule wa Katiba, ikaja sheria mpya ya vileo ambayo wengi tunaikumbuka kwa kufunga baa mchana. Ilifanya jambo lingine pia: iliondoa marufuku ya chang'aa na kuruhusu pombe za kienyeji, mradi ziwe na leseni, viwango na chupa yenye lebo. Kwenye karatasi, mlango ulifunguliwa kwa wote. Ila chupa, lebo, vipimo vya ubora, ushuru na eneo lililoidhinishwa vinataka mtaji. Mama wa Mathare hana. Walioingia kwa huo mlango ni wenye matangi ya chuma.

Nao sitawatukana. Ile baa ya Ngong Road iliyoanza kupika bia hapo hapo ndani, kisha Sirville, halafu Bateleur na 254, walianza kwenye nchi ambayo kampuni moja ilikuwa imekalia karibu soko lote. Kumbuka Wasauzi walikuja na pesa nyingi, wakajenga kiwanda Thika 1998, na 2002 walikuwa wameshafunga. Kupika bia ndogo hapa ni ukaidi. Kimea kizuri kingi kinaagizwa nje, hopsi ndiyo hiyo nimekwambia, ushuru haujali wewe ni mdogo. Ukiona bei kwenye menyu ukaisoma mara mbili, ujue si maringo tu. Na bia yenyewe, tuseme ukweli, ni tamu. Ile nyeusi na mbuzi wa kuchomwa, mafuta yakiwa bado yanachuruzika, ni kitu kingine kabisa. Ule uchungu wa kuungua kwa kimea unakutana na ule wa nyama pembeni, na chumvi inamaliza kazi. Ile chungu ya rangi ya shaba ipeleke na mutura wenye pilipili. Laga nyepesi mpe yule rafiki ambaye hunywa moja tu na ndiye atawaendesha nyumbani, na baada ya hiyo moja apewe maji.

Kitu ninachoona kinarudi, na kinanifurahisha, ni muratina. Kwenye ruracio haikuwahi kupotea. Huwezi kwenda kuomba msichana mikono mitupu. Lakini sasa inaonekana hata kwenye besdei za mjini. Mtu anafikisha 35, 40, anapiga simu ushago, na jeri ya lita ishirini inapanda matatu na kukaa chini ya meza ya keki. Wapishi wake wengi bado hawana lebo wala kibali, na ukiuliza bei utashangaa jinsi ilivyo ndogo kando ya glasi moja ya Westlands. Kama umeagiza, usimpige bei huyo mpishi. Familia yake huenda imelipa faini ya kutosha.

Sasa lile swali linaloharibu urafiki kila Jumamosi: bili inalipwa na nani? Mbogi inasema mwenye besdei hagusi mfuko, watu wachange kwa M-Pesa. Mwenye besdei naye amealika watu kumi, wamekuja kumi na tisa, na kuna mmoja hakuna anayemjua anaagiza ubavu wa pili. Nimefuatilia historia yote hii na jibu la kiama liko wazi kabisa: anayevuka daraja ndiye anatoa mbuzi. Wenzake wanatoa kiti. Na daraja la chini linachoma nyama, kwa hiyo mwenye 35 mpya, vua hilo shati, moto unakungoja.

Bia lakini tunachanga.